Kitabu cha Vipimo

Ukurasa wa mwalimu Mbithe:
kifua themanini na nane, kiuno sabini na sita,
gauni la harusi ya mdogo wake, ametanguliza elfu moja.
Chini yake, kwa kalamu ile ile, nimeandika:
Uvimbe, sentimita mbili nukta tatu. Ni mkubwa?

Daktari alizitaja sentimita kwa sauti ya chini
kama anayetaja deni la mtu mbele za watu.
Mimi ni fundi cherehani, Kariobangi, mwaka wa kumi na tisa.
Sentimita nazijua.
Mbili nukta tatu ni kifungo cha koti.
Sikujua ni kifungo cha miaka mingapi.

Saa kumi na mbili asubuhi, benchi la nne kutoka mlangoni,
Syokau na kadi yake ya kliniki, mimi na kitabu.
Mama wa Kayole aliniona naandika, akasogea:
Niandikie na langu. Sukari ya chai, ninailisha?
Mzee wa kofia ya sufu, mwanawe kamshika kiwiko:
Andika, kijana asinifiche kitu.
Kisha akatazama sakafu.
Andika, anifiche kidogo.
Nikayaandika yote mawili.

Majirani hawakuwa na maswali, walikuwa na majibu.
Mwarobaini. Mafuta ya maombi.
Nani alikuja kwenu akamsifu sana.

Bima ililipa mizunguko minne ya dawa.
Wa tano ulilipwa na mashine yangu ya ovaloki;
iliondoka begani mwa kijana wa mkokoteni,
na tangu siku hiyo pindo zangu nazishona kwa mkono.

Syokau hakumuuliza daktari neno.
Aliniuliza mimi, usiku, taa imezimwa:
Nywele zikiota, zitakuwa hizi hizi?
Ndoo nitaibeba kwa mkono gani?
Mumo naye apimwe akifika umri gani?
Na lile alilouliza akiwa ameelekea ukuta
silo la kitabu.

Mpasuaji alisema: tumeutoa pamoja na ukingo, na ukingo ni safi.
Hapo, kwa mara ya kwanza, nilielewa bila kufasiriwa.
Fundi hakati juu ya mstari.
Nilitaka kumshika mkono kama mwenzangu wa kazi,
nimuulize, na uzi, ulitumia upi?

Nilifumua gauni lake la buluu, upande wa kushoto.
Alisimama mbele yangu, mikono juu,
utepe ukapita mahali ulipozoea kupanda, ukateleza.
Nikaanza kuandika: kushoto, bapa.
Akasema, andika namba, kama wateja wengine.
Nikaandika namba.

Miaka mitatu sasa.
Julai hii baridi ya Nairobi imeingia hadi kwenye mafuta ya cherehani,
na mtaa mzima unakohoa.
Syokau naye anakohoa.
Mguu wangu unasimama kwenye pedali, nasikiliza,
naye akigundua ninasikiliza, anameza kikohozi.

Wateja wangu huuliza kila siku:
Fundi, kitambaa hiki kitarudi?
Nawaambia, kilowekeni usiku kucha,
kama ni cha kurudi kirudi kabla sijakikata.
Hilo ndilo jibu langu, na sijawahi kulionea haya.
Daktari nilipomuuliza swali hilo hilo,
alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Tutaendelea kuangalia, alisema.

Alhamisi ni kliniki. Nimeandika:
Kikohozi, wiki mbili. Ni baridi tu?
Asubuhi nimekuta mwandiko wake chini ya wangu, umelala upande:
Gauni la Desemba, kitenge kile cha kijani.
Usinibane. Acha ukingo.